Farasi jike aliyekataa kona ya kulia: uchambuzi wa kisa cha lijamu

Ombi lenyewe lilikuwa fupi. Mama mmoja wa Karen alitaka ushauri kuhusu lijamu (chuma cha mdomoni cha kumwongozea farasi) "yenye nguvu zaidi" kwa farasi jike anayepandwa na binti yake wa miaka 14. Alikuwa ameshaonyeshwa moja aina ya Pelham, ile yenye mikono mirefu pembeni na mnyororo unaopita chini ya kidevu, na muuzaji alikuwa anangoja jibu. Nikamwomba asilipe kwanza. Katika yote aliyonieleza kwenye simu sikusikia hata jambo moja lililoonyesha kwamba farasi huyo alihitaji kubanwa zaidi. Dalili zote zilikuwa zinaelekeza mdomoni, tena upande mmoja kuliko mwingine.

Farasi ana miaka 9, ni Thoroughbred (aina ya farasi wa mbio), na alikimbia mbio Ngong kabla ya kustaafu. Njia hiyo ni ya kawaida sana hapa Nairobi. Uwanja wa Ngong umekuwa makao ya mbio tangu 1954 (Barabara ya Racecourse kule karibu na Kariokor imebaki na jina la uwanja wa zamani tu), na farasi anayeishiwa kasi pale mara nyingi huishia kwenye mazizi ya Karen na Langata, akifundisha watoto au akiruka vizingiti. Kwa hiyo ukitumwa kumvalisha farasi wa Nairobi lijamu, uwezekano mkubwa ni kwamba utakuta kichwa cha aina hii: chembamba, midomo myembamba, ngozi laini, na nafasi ndogo ndani ya mdomo. Linganisha na wale farasi wakubwa wenye damu ya Ulaya wanaoonekana kwenye mashindano ya kuruka, ambao mdomo wao unaweza kupokea chuma pana bila taabu. Ni muhimu kukumbuka tofauti hiyo, maana vifaa vya kundi moja huhamia kwa kundi jingine kirahisi mno.

Malalamiko

Niliyoyakuta kwenye karatasi yangu baada ya kumsikiliza mama, binti na saisi (mtunza farasi) ni haya. Akipelekwa kona ya kulia, farasi huinamisha kichwa upande, pua ikaenda kushoto na sikio la kulia likashuka. Akisimamishwa hurusha kichwa juu. Hufungua mdomo, na ndiyo maana mwalimu wake wa awali alishauri mkanda wa pua ukazwe. Ulipokazwa, mdomo ulifungwa lakini kurusha kichwa kukazidi. Mwishowe, katika njia za msitu wa Ngong Road, alimtoroka binti kwa shoti, na hilo ndilo lililomtia mama hofu akaanza kutafuta chuma kali.

Saisi, mzee aliyefanya kazi na farasi tangu ujana wake, alikuwa na maelezo mafupi kuliko ya watu wote.

"Mwalimu, huyu ukimtoa kwa kamba hana shida. Akivaa biti ndiyo anakuwa mtu mwingine."

Nilimwuliza, "Mzee, kwa kamba huwa unamzungusha pande zote mbili?"

"Zote. Kulia anaenda sawasawa na kushoto."

Sentensi hiyo ilikuwa na thamani kuliko barua yoyote ya ushauri. Lakini sipendi kuamini bila kuona, kwa hiyo tukamtoa uwanjani akiwa na hatamu ya kamba tu, bila chuma, bila tandiko. Alizunguka kulia kwa mwendo wa kawaida na kwa troti (mwendo wa mkimbio wa polepole), shingo imenyooka, masikio yote mawili kwenye usawa mmoja. Kisha tukamfunga tandiko bila lijamu. Hali ikawa ileile. Akavishwa lijamu yake na hatamu ikashikwa kidogo tu na mtu aliyetembea kando yake: kichwa kikaanza kupinda.

Mpangilio huu wa hatua si wa mapambo. Farasi anayepinda kichwa kona moja anaweza kuwa na maumivu ya mguu, ya mgongo, ya tandiko lisilomkaa, au ya jino. Ukikimbilia lijamu kabla ya kuyaondoa hayo unaweza kutumia pesa nyingi kutibu kisichougua. Hapa dalili ilizaliwa pale chuma kilipoingia mdomoni na ikafa kilipotoka. Kuhusu meno, mama alikuwa na karatasi ya daktari aliyempiga tupa magego mapema mwaka huo: hapakuwa na ncha kali zilizobaki, wala yale meno madogo yanayoota mbele ya magego na kugongana na chuma, ambayo wengi hulazimika kuyang'oa kabla ya farasi kuanza kazi. Kama karatasi hiyo isingekuwepo, ningesimama pale pale na kumwita daktari kwanza. Upimaji wa lijamu kwenye mdomo wenye jino bovu hauna maana.

Chuma alichokuwa amevaa

Hatamu nzima, yaani mikanda yote ya kichwani, ilikuwa imenunuliwa mitumba, pamoja na lijamu yake, kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Ilikuwa ya farasi mwingine, mkubwa zaidi. Hakuna aliyewahi kuuliza kama chuma kilimfaa huyu, kwa sababu kiliingia mdomoni bila kugombana na mikanda ikafungika. Huo ndio mtego wa lijamu iliyo pana. Ile nyembamba hujitangaza siku ya kwanza: hubana pembe za mdomo, midomo hukunjamana, kidonda hutokea. Ile pana huonekana ya huruma.

Ilikuwa ya kiungo kimoja katikati na pete huru, yaani pete zinazopita kwenye tundu kila mwisho wa chuma na kuzunguka zitakavyo. Haikuwa na namba popote. Hata ingekuwa nayo ningepima mwenyewe, kwa sababu viwanda vya Uingereza huandika inchi, vya Ujerumani huandika sentimita au milimita, na chuma kikishapita mikononi mwa watu wengi namba husomwa watakavyo. Kipimo cha upana ni kimoja: nyoosha chuma juu ya meza, kiungo kikiwa kimelala sawa, kisha pima kutoka ndani ya pete moja hadi ndani ya nyingine. Pete zenyewe hazihesabiki. Hapa nikapata milimita 140, ambazo ni inchi 5½.

Unene hupimwa karibu na pete, pale chuma kinapokuwa kinene zaidi, maana nyingi hupungua zikielekea katikati. Venia, kifaa cha kupimia unene, ilisoma milimita 21.

Halafu nikapitisha ukucha kwenye matundu ya pete. La kushoto lilikuwa limelika na kuacha ukingo mkali kabisa. Unaweza kuuhisi kwa kidole, ukiukosa kwa macho. Lijamu za pete huru huchakaa hivyo kwa sababu pete haitulii, husugua chuma kila hatua.

Kitu kingine kilichonivutia ni mikanda ya mashavu. Ilikuwa imekazwa juu sana, hadi pembe za mdomo zikaonyesha mikunjo mitatu. Binti alieleza kwamba ilipokuwa chini farasi alikuwa anapitisha ulimi juu ya chuma, ndipo wakaipandisha. Namwelewa. Lijamu pana yenye kiungo kimoja huning'inia katikati, ulimi hupata njia, na suluhisho la haraka ni kuivuta juu. Lakini kuivuta juu hakupunguzi upana. Kunaongeza tu mvuto wa kudumu kwenye ngozi ya midomo, hata farasi akiwa amesimama bila mtu mgongoni.

Ndani ya mdomo

Kati ya meno ya mbele na magego ya farasi kuna mwanya usio na meno, na hapo ndipo lijamu hukaa. Ufizi wa mwanya huo ni utando mwembamba uliolalia ukingo wa mfupa wa taya. Juu yake hupita ulimi, ambao ukilala kwa starehe hujaza karibu nafasi yote hadi kaakaa. Wanaosema chuma kinene ni laini kwa sababu kinasambaza mgandamizo wana haki nusu. Kinasambaza, ndiyo, iwapo kuna mahali pa kukiweka. Mdomo ukiwa umejaa ulimi, unene unageuka mzigo: ulimi unabanwa, mdomo haufungi vizuri, mnyama anafungua kinywa kutafuta nafuu, kisha binadamu anamfunga kwa mkanda.

Nilipotia kidole cha shahada kwenye mwanya wa farasi huyu kilibanwa juu na chini mara moja. Kidole hicho hakifiki milimita 21.

Upande wa kulia ufizi ulikuwa mwekundu kidogo na alivuta kichwa nilipougusa. Upande wa kushoto ufizi ulikuwa mzima, lakini pembe ya mdomo ilikuwa na kidonda kidogo chenye kigaga, na ngozi iliyouzunguka ilikuwa imepauka. Kulia ndani, kushoto nje. Mtu anaweza kudhani ni mambo mawili. Ni moja.

Fikiria hatamu ya kulia ikivutwa. Chuma chenye nafasi ya ziada hakina cha kukizuia, kwa hiyo huteleza kwenda kulia mpaka pete ya kushoto igonge shavu la kushoto. Pale tundu lenye ukingo mkali hukutana na pembe ya mdomo: ndicho kidonda. Wakati huohuo kiungo, ambacho kilitakiwa kiwe katikati ya ulimi, kimehamia kulia na kukalia ufizi wa kulia: ndio wekundu. Kipande cha kushoto kimelala juu ya ulimi kwa urefu usiofaa. Farasi anapinda kichwa ili kukirudisha chuma katikati, au walau kukipunguzia uzito ufizi ule. Akirudi kona ya kushoto jambo lilelile hutokea kwa upande wa pili, ila tundu la kulia halikuwa limelika sana, na binti hutumia mkono wa kulia kwa nguvu zaidi. Ndiyo sababu kona moja ilionekana mbaya na nyingine ya kuvumilika.

Hapo Pelham ingefanya nini? Ingeongeza mkono wa wenzo kwenye chuma ambacho bado kingekuwa na kipimo cha kubahatisha. Kwa siku chache farasi angesimama haraka, kwa sababu maumivu mapya humshtua, na watu wote wangesema imefaa. Halafu kuna jambo la malezi yake ya Ngong. Farasi wa mbio hufundishwa kuegemea mkono: jockey akishika hatamu kwa nguvu, maana yake si simama, mara nyingi ni jiandae twende. Binti aliyeogopa msituni akavuta kwa mikono yote miwili alikuwa anamwambia farasi lugha aliyoifahamu vizuri, huku ufizi ukimuuma. Shoti ile haikunishangaza.

Kupima mdomo kwa mpini wa mwiko

Vipo vifaa maalumu vya kupimia midomo ya farasi. Si lazima. Nilichotumia ni mpini mnyoofu wa mwiko wa mbao, mwembamba, uliolainishwa vizuri, na washa mbili za raba za fundi bomba kutoka hadwea. Washa zinabana kwenye mpini kiasi cha kusogezwa kwa kidole bila kuanguka. Saisi aliupaka mpini molasi kidogo, farasi akaupokea bila mabishano.

Mpini huwekwa pale lijamu inapokaa, ukigusa pembe za mdomo bila kuzivuta juu. Unashikwa mlalo, si wa kuinama upande mmoja. Kisha washa husukumwa taratibu kutoka nje hadi ziguse midomo pande zote mbili, ziguse tu, zisiifinye. Unatoa mpini na kupima kati ya washa. Watu wengine hutumia kamba, nami siipendi kwa kazi hii: kamba hujipinda juu ya ulimi na kukupa urefu usiokuwepo, na kosa la milimita chache ndilo kosa lenyewe tunalolikimbia. Nilimwachia saisi arudie kipimo bila kumwambia nilichopata. Tulipata namba moja: milimita 121.

Lijamu yake ilikuwa na milimita 19 za ziada.

Namba mbili kwa mdomo mmoja

Hapa ndipo mama aliniuliza swali zuri: "Sasa ninunue saizi gani?" na hapa ndipo jibu la namba moja huwapoteza watu. Milimita 121 ni kipimo cha mdomo. Kipimo cha lijamu hutegemea pete.

Pete huru inazunguka na kuteleza kwenye tundu, hivyo ngozi ya mdomo ikikaa karibu sana hunaswa kati ya pete na chuma. Inahitaji nafasi: milimita 5 au 6 kila upande ni kiasi ambacho wavalishaji wengi hukikubali. Ongeza hizo kwenye 121 unafika karibu na 133, yaani inchi 5¼. Pete tuli, zile zilizoungwa na chuma kwa bawaba isiyoruhusu pete kuteleza, kama zile zenye umbo la yai au la herufi D, hazina pengo la kunasa ngozi. Zinatakiwa zikae karibu na shavu, milimita 2 au 3 tu kila upande, na zikiachiwa nafasi zaidi zinapoteza faida yake ya kutulia. Kwa huyu hiyo ni milimita 127, yaani inchi 5. Kwa wanaonunua vifaa vya Ulaya bara, sentimita 12.5 ingemfaa pia ikiwa ya pete tuli, 13.5 ingefaa ikiwa ya pete huru, japo kwa tabu kidogo.

Kwa hiyo mtu anayeniambia "farasi wangu ni saizi tano" hajaniambia kitu bado. Tano ya nini?

Viungo navyo vina neno. Lijamu ya kiungo kimoja hujikunja ikivutwa, ikafanya pembe ambayo ncha yake huelekea mbele na juu. Ikiwa pana, pembe huwa ndefu na ncha hufika mbali zaidi, kwenye kaakaa kwa farasi wenye kaakaa la chini. Ya viungo viwili, yenye kipande kifupi katikati, huuzunguka ulimi badala ya kuubana kati ya mikono miwili. Lakini hiyo ya viungo viwili haisamehe upana. Kipande cha katikati kikihama kando, kiungo kimoja hukaa juu ya ulimi na kingine juu ya ufizi, na umeishia kuwa na tatizo lilelile kwa bei kubwa zaidi. Niliona farasi wengi wakihamishiwa viungo viwili kwa sifa za ulaini wake, kwa upana uleule wa zamani, kisha lijamu ikalaumiwa.

Kwa unene nilitaka kitu kati ya milimita 14 na 16. Chini ya hapo, kwa mkono wa mtoto anayejifunza, chuma huanza kukata. Juu ya hapo, mdomo huu hauna nafasi.

Jaribio

Hatukujaribu chochote siku hiyo. Kidonda kwanza kifunge. Kujaribu lijamu juu ya ngozi iliyochubuka ni kuuliza swali ukishajua jibu: kila chuma kitaonekana kibaya. Farasi alifanyishwa kazi kwa kamba, binti akamwongoza kwa miguu kwenye njia za mazizi, na hakukuwa na chuma mdomoni mpaka ngozi ikarudi rangi yake.

Nikaazima lijamu mbili kutoka kwa wapandaji wa karibu, na kuzipima kabla ya kuziamini. Ya kwanza: pete huru, viungo viwili, milimita 133, unene 16. Ya pili: pete tuli za yai, viungo viwili, milimita 127, unene 14. Mikanda ya mashavu ikalegezwa hadi ukaonekana mkunjo mmoja mwepesi tu pembeni mwa mdomo. Mama alishtuka. "Si itaanguka?" Haikuanguka. Hesabu ya mikunjo ni mwongozo wa kuanzia tu. Farasi mwenye midomo minono huonyesha mikunjo hata lijamu ikiwa chini, na mwenye midomo mikavu anaweza asionyeshe hata mmoja ikiwa mahali pake. Ninachokitazama ni kama chuma kinagusa pembe za mdomo bila kuzivuta, na kiko mbali na meno ya mbele na magego.

Mkanda wa pua tuliutoa kabisa kwa jaribio. Sharti hilo silijadili na mtu. Mkanda uliokazwa huficha kila kitu unachotaka kuona: mdomo unaofunguka, ulimi unaotoka, taya inayosogea. Ni jambo ambalo hata wakubwa wa mchezo wamelishughulikia. Mwaka 2025 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lilianza kutumia kifaa cha kupimia ulegevu wa mkanda wa pua mashindanoni, ili ibaki nafasi ya takriban sentimita 1.5 juu ya mfupa wa pua. Kwenye zizi la Karen vidole viwili vya mtu mzima vinatosha kukupa kipimo hicho, mradi uvitie juu ya mfupa wa pua, si kando kwenye nyama ambako hata mkanda uliokazwa huonekana umelegea.

Kwa lijamu ya pete huru, tofauti ilionekana mara moja. Kona ya kulia kwa mwendo wa kawaida kichwa kilibaki sawa. Kwa troti, binti aliposhika hatamu ya kulia kwa nguvu yake ya mazoea, chuma kiliteleza kidogo na sikio likashuka kidogo. Si kama awali. Alipoachia, likarudi. Kusimama kulikuwa kwa utulivu zaidi, ingawa alirusha kichwa mara kadhaa, na ninaamini sehemu ya hilo ilikuwa kumbukumbu: mnyama huendelea kujikinga kwa muda hata kinachomuumiza kikiondoka.

Pete tuli zilimpendeza zaidi. Alichukua muda kidogo kuitafuna, kisha akaiacha itulie. Povu jepesi likatokea pembe zote mbili za mdomo kwa kiasi kinacholingana, jambo ambalo saisi alilitaja kabla yangu. Kona ya kulia kwa troti ikawa kona tu. Kwangu mimi sababu iko wazi: chuma hakikuwa na pa kwenda, na pete yenyewe ilikaa kando ya shavu ikamwelekeza kichwa kwa mgandamizo mpana kutoka upande wa pili, badala ya ukingo wa tundu. Kwa mtoto ambaye mkono wake bado haujatulia, pete tuli pia husamehe mitetemo midogo ambayo pete huru huipitisha yote mdomoni. Kuna wapandaji wazoefu wanaopendelea pete huru kwa sababu hiyohiyo. Farasi anayeegemea mkono hukosa cha kuegemea kwenye chuma kinachosogea. Nililipima hilo, hasa kwa farasi wa Ngong, nikaona kwamba kwa sasa ufizi unahitaji utulivu kuliko ulimi unavyohitaji mafunzo.

Baada ya kupandwa tulimtazama tena mdomo kwa tochi ya simu. Pembe zote mbili zilikuwa safi, hakuna alama ya pete kwenye shavu, ufizi wa kulia haukuwa na wekundu mpya. Huo ndio ukaguzi ambao saisi sasa anaufanya kila akivua hatamu, na hauhitaji zaidi ya nusu dakika.

Yaliyobaki

Mama alinunua lijamu ya inchi 5, pete tuli, viungo viwili, unene wa milimita 14. Ilipofika niliipima, ilikuwa 127 kweli. Pelham ikarudi kwa mwenyewe. Mikanda ya mashavu ya hatamu ile ya mitumba ilikuwa mirefu mno kwa kichwa hiki, kwa hiyo fundi wa ngozi akaifupisha. Kuendelea kuikaza kwa matundu pekee kungeacha bizimu mbili za chuma zikigongana karibu na jicho.

Lijamu ya zamani ilitaka kuhamia kwa farasi mwingine wa zizi lilelile, mkubwa, aliyehasiwa. Tulimpima kwa mpini uleule akawa na 129, maana yake upana wa 140 ungemfaa vizuri kwa pete huru. Lakini tundu la kushoto lilikuwa bado limelika, na unene wa 21 kwa farasi dume mwenye meno ya chonge yanayochukua sehemu ya mwanya ni jambo ambalo sikutaka kulijaribu. Ilitupwa na vyuma chakavu.

Msituni bado hawajarudi. Nimeshauri binti afanye kwanza mazoezi ya kusimamisha kwa kiti (namna ya kukaa tandikoni) na sauti uwanjani, kwa sababu farasi wa mbio akivutwa kwa mikono miwili ataendelea kusikia "twende" hata akiwa na lijamu ya kipimo sahihi. Na mkono wa kulia wa binti una kazi yake yenyewe: akishika hatamu zote mbili kwa mkono wa kushoto peke yake, kona ya kulia hutoka nyororo kuliko anapotumia yote miwili. Mwalimu wake mpya ndiye anayeshughulika na hilo.